Mtetea Anaposhindwa Kutaga

Kuku wawili watatu uani ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi za pwani yetu, kutoka Vanga hadi Faza. Hula mabaki ya jikoni, huchakura chini ya mpapai, na kila baada ya siku moja au mbili mtetea hupiga kelele zake za kutangaza kwamba pana yai kiotani. Yai hilo ndilo kitoweo cha mtoto anayekwenda chuoni, ndilo linalomrudishia nguvu mama aliyejifungua, na pengine ndilo linaloingiza shilingi chache za sukari na kiberiti. Ajabu ni kwamba tunajua mengi sana kuhusu kulipika yai, na machache kuhusu namna linavyoumbika. Kuku anaponyamaza na kujikunyata pembeni, wengi wetu hatuna tunachojua ila kisu au kapsuli ya dawa iliyobaki kabatini.

Safari ya yai ndani ya kuku huchukua saa 24 hadi 26. Kiini hukomaa kwanza, kisha huchopoka na kupokewa na mrija wa mayai. Humo huvishwa ute kwa muda wa saa 3 hivi, halafu utando mwembamba, na mwisho huingia katika sehemu ambamo ganda hujengwa. Hapo hukaa takriban saa 20, nyingi zikiwa za usiku, wakati kuku amelala na sisi tumelala. Ganda lenyewe, kwa zaidi ya asilimia 90, ni kalsiamu kaboneti, mata ileile ya makombe ya chaza, na ganda la yai moja huhitaji kiasi cha gramu 2 za kalsiamu. Chakula cha siku moja hakitoshi kila mara kulipa gharama hiyo. Kinachopungua, kuku hukikopa katika mifupa yake mwenyewe.

Deni hilo halimlemei kila kuku kwa namna moja. Kuku mwekundu wa misitu ya Asia, ambaye ndiye asili ya kuku wote wafugwao, hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mwaka, akayaatamia na kupumzika. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 hivi, kwa mikupuo, akipumzika kila anapolea vifaranga. Kuku wa gredi waliozalishwa kwa ajili ya mayai hukaribia 300 kwa mwaka, wala hawaatamii. Ndiyo maana kuku wa gredi aliyemaliza muda wake kwa mfugaji mkubwa, akauzwa kwa bei nafuu kwa watu wa majumbani, mara nyingi huja uani kwetu na mifupa iliyokwisha kukopwa. Bei yake huvutia, na si vibaya kumnunua. Lakini anayemnunua ajue kwamba ananunua pamoja na deni.

Yai linapokwama

Katika maradhi yote ya utagaji, linalotaka haraka zaidi ni kukwama kwa yai. Yai hufika mwisho wa mrija, kuku akalisukuma, nalo lisitoke. Huwapata tembe wanaotaga kwa mara ya kwanza, kuku wazee, kuku walionenepa kupita kiasi, na zaidi wale waliopungukiwa na kalsiamu. Kwani kalsiamu haijengi ganda peke yake, bali misuli pia huihitaji ili iweze kukaza na kusukuma. Mara nyingine sababu ni yai lenyewe, kubwa mno au lenye viini viwili.

Ishara zake hazimfichikii mtu anayewaangalia kuku wake kila asubuhi. Mtetea hujitenga. Huingia kiotani na kutoka bila ya kuacha kitu. Husimama wima, kifua juu na mkia chini, kama mchukuzi aliyelemewa na gunia, na akitembea hutanua miguu. Mkia hupanda na kushuka kila anaposukuma. Manyoya huvimba, macho hufumba nusu, undu hupoteza wekundu wake, na kinyesi hupungua au hukatika kabisa. Hilo la mwisho ni la kutisha. Kwa kuku, kinyesi, mkojo na yai vyote hutokea tundu moja, na yai lililoziba njia huzuia kila kitu.

Asichanganywe kuku huyu na yule anayetaka kuatamia. Naye pia hukaa kiotani kutwa, hupunguza kula, na hujivimbisha manyoya. Lakini mwenye kuatamia macho yake ni makali. Ukimkaribia hunguruma na kudonoa mkono, na mara moja kwa siku hushuka, akanywa, akala upesi upesi, akaangusha kinyesi kikubwa chenye harufu kali, kisha akarudi mahali pake. Mgonjwa hana hasira. Kuku aliyekuwa mkali jana, na leo anakubali kubebwa kama mtoto, ni wa kutiliwa shaka.

Mchukue taratibu, umkumbatie ubavuni ili mabawa yasipigepige. Kandokando ya tundu la kutagia kuna mifupa miwili myembamba. Kwa kuku anayetaga, vidole 2 au 3 huingia baina yake. Papasa chini ya hapo kwa wepesi, kama unayepapasa embe ili kujua kama limeiva. Yai lililokwama husikika kama kitu kigumu cha duara. Usibonyeze. Yai likipasukia ndani, vipande vya ganda hukata mrija, na kidonda hicho huingia uchafu ambao aghalabu humuua kuku.

Kisha mtengenezee maji ya vuguvugu katika karai au beseni, ya joto ambalo ungelikubali kumwogeshea mtoto mchanga. Mkalishe humo hadi maji yafike tumboni, umshikilie kwa dakika 15 hadi 20. Kuku wengi hupigapiga mwanzoni, halafu hutulia na hata kusinzia, kwa kuwa joto hulegeza misuli iliyokakamaa. Mkaushe vizuri kwa taulo. Upepo wa kusi si rafiki wa kuku aliyelowa. Paka mafuta ya nazi yaliyo safi pembezoni mwa tundu na kidogo ndani yake, kwa kidole kilichooshwa na kukatwa ukucha. Mweke katika boksi lenye nguo kavu, mahali penye kiza na kimya, mbali na watoto na jogoo, pamoja na maji ya kunywa. Mpe saa nzima peke yake. Lisipotoka, mrudishe majini mara nyingine.

Kalsiamu ya maji inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo husaidia sana wakati huu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kwa ajili ya kuku. Namna ya kuinywesha ina hatari yake. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma kidogo tu ya ulimi, na mwenye kumfunua mdomo akamimina, humimina mapafuni. Tia tone tone kando ya mdomo, umwache ameze mwenyewe.

Ikiwa saa kadhaa zimepita na yai halijatoka, au kuku amekwisha kulala ubavu, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Anayo sindano ya kalsiamu, anayo homoni ya kukaza mrija, na yakimshinda hayo anaweza kuyavuta maji ya yai kwa sindano ili ganda lilegee na kutolewa. Kuku aliyeachwa na yai lililokwama kwa zaidi ya siku moja au mbili kwa kawaida hufa. Wapo watakaosema kwamba gharama ya daktari inapita bei ya kuku. Huenda ni kweli kwa kuku mmoja. Lakini anayekwenda mwenyewe katika afisi ya mifugo ya kaunti ndogo, kuku mkononi, mara nyingi hupata ushauri ambao utawafaa kuku wake wote. Na mnyama tuliyemfungia uani hana mwingine wa kumwendea.

Mara chache yai hutoka likavuta na mrija nje, nyama nyekundu ikaonekana imening'inia. Mtenge papo hapo, kwani kuku wenziwe huidonoa nyama hiyo hadi wakamtoa matumbo. Ioshe kwa maji safi ya vuguvugu, ipake asali ili uvimbe upungue, irudishe ndani taratibu kwa kidole chenye mafuta, na umweke kizani. Ikitoka tena na tena, hilo si la kutibiwa nyumbani.

Maganda laini na sahani ya makombe

Kabla ya yai kukwama, mara nyingi ganda hutoa habari. Yai hutoka limevaa utando mtupu, laini kama puto lenye maji, au ganda lake ni jembamba hata linapasuka mkononi. Watu hulitupa na kusahau. Afadhali lichukuliwe kuwa barua.

Sisi wa pwani tumepewa dawa yake bure. Makombe ya chaza yameenea katika fuo zetu. Yakusanye, yaroweke katika maji baridi yasiyo ya chumvi na kuyabadilisha mara mbili tatu, yaanike juani, kisha yatwange hadi yawe chembe za ukubwa wa punje ya mchele. Usiyafanye unga. Chembe hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, saa zilezile ambazo ganda linajengwa. Unga hupita upesi. Weka chembe hizo katika sahani yake peke yake, usizichanganye na chakula. Kuku anayetaga atakwenda kula kadiri ya haja yake, hasa jioni, na asiyetaga ataipita sahani hiyo. Maganda ya mayai ya jikoni nayo hufaa, yakikaushwa na kusagwa hata yasitambulike, ili kuku asijifunze kula mayai yake mwenyewe. Chokaa ya kujengea haifai hata kidogo. Huunguza mdomo na koo.

Kosa jingine liko dukani. Chakula cha vifaranga na cha kukuzia kina kalsiamu ya asilimia 1 hivi, ilhali cha kuku wa mayai kina asilimia 3.5 hadi 4. Mwenye kuwalisha mitetea wake chakula cha kukuzia kwa sababu ya bei anawanyima ganda. Na mwenye kuwapa vifaranga chakula cha mayai anawaharibu figo. Anayefuga wakubwa na wadogo pamoja awape wote chakula cha kukuzia, na sahani ya makombe iwe kwa wakubwa.

Kalsiamu haifanyi kazi bila ya vitamini D, na kuku huitengeneza katika mwili wake kwa jua. Kuku anayezurura hana shida hiyo. Anayefungiwa chumbani au chini ya ngazi, kama inavyotokea katika nyumba zilizobanana za Mji wa Kale, anahitaji kutolewa juani kila siku.

Yako mambo mawili ambayo vitabu vingi vya ufugaji huyapitia juu juu, nayo hapa kwetu ni makubwa. La kwanza ni joto. Kuku hatoki jasho. Hutweta, na kwa kutweta kwingi hupoteza hewa ya kaboni dayoksaidi ambayo damu yake huihitaji kwa ajili ya kutengeneza ganda. Katika miezi ya kaskazi, mayai ya ganda jembamba huongezeka hata kwa kuku waliolishwa vyema. Wape kivuli cha mti badala ya kivuli cha mabati, badilisha maji mara kadhaa kwa siku, na uwalishe alfajiri na alasiri jua linapopoa.

La pili ni chumvi. Visima vyetu vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya magadi au ya chumvi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Australia walionyesha kwamba maji ya kunywa yenye chumvi huharibu ganda la yai hata pale chakula kinapokuwa na kalsiamu ya kutosha. Ikiwa maji ya kisima chako huyanywi wewe, usimnyweshe kuku. Mtafutie ya mvua au ya mfereji. Kadhalika mabaki ya papa na ng'onda yasimwagwe uani bila ya kuoshwa.

Na maadamu tumeyataja mabaki, lipo la Ramadhani na la harusi. Wali wa nazi, kaimati, sambusa na machicha vinapomwagwa kwa ndoo, kuku hunenepa, na mafuta ya tumbo hubana mrija wa mayai. Kiganja kimoja cha mabaki kwa kuku mmoja, tena jioni baada ya kula chakula chake, chatosha.

Maradhi yasiyo ya kuku mmoja

Ikiwa ni mtetea mmoja anayetaga maganda laini, tafuta sababu kwake. Ikiwa mayai ya kuku wote yamepungua ghafla, maganda yamekunjamana au yamepauka, na kunasikika mikoromo na chafya, hilo ni ambukizo: kideri, ambacho madaktari hukiita Newcastle, au maradhi ya mkamba wa kuku. Usimpeleke kuku yeyote sokoni, wala usimgawie jirani. Chanjo ya kideri ipo na si ghali, nayo hupewa kuku wazima tu, haiponyeshi aliyekwisha kuugua. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa mfugaji wa leo kamba hiyo yafaa idumu wiki 3, mgeni akae mbali na wenyeji hadi ijulikane amekuja na nini.

Yapo pia maradhi ambayo hujificha. Kiini, badala ya kupokewa na mrija, huangukia ndani ya tumbo, kikaoza huko pamoja na vijidudu. Tumbo la kuku hushuka na kujaa, laini kama mfuko wa maji, naye hutembea kama bata na kuacha kutaga. Maji ya vuguvugu hayafui dafu hapa. Daktari anaweza kujaribu dawa, lakini mara nyingi huwa amechelewa kuitwa.

Hapo ndipo linapokuja suala la kuchinja, nalo lisemwe waziwazi. Kumchinja kuku anayeteseka bila ya tumaini ni kumhurumia, kwa kisu kikali na adabu zake zote. Lakini akikutwa tumboni mna maji ya manjano au mabonge ya viini vilivyooza, nyama hiyo isiliwe. Afukiwe kwa kina ambacho paka hawatafukua.

Vilevile asichinjwe kwa kuliwa, wala mayai yake yasitumiwe, akiwa bado yumo ndani ya muda wa dawa. Kila dawa ya viua vijasumu ina muda wake wa kungoja, ulioandikwa kwenye karatasi ya dawa; nyingine siku chache, nyingine wiki, na nyingine hazikuruhusiwa kabisa kwa kuku wanaotaga. Tunayo desturi ya kumfungia kuku siku 3 na kumlisha chakula safi kabla ya kumchinja, na vitabu vya fiqhi ya Kishafi vinazitaja siku hizo kwa kuku aliyezoea kula uchafu. Isichukuliwe kuwa zinatosha kwa dawa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kuchemsha yai au kulikaanga hakuondoi mabaki ya dawa ndani yake.

Ndiyo maana kapsuli za binadamu zinazofunuliwa na kumwagwa katika maji ya kuku ni jambo baya kuliko linavyoonekana. Kipimo hakijulikani, ugonjwa haujulikani, na muda wa kungoja haujulikani. Yai lililokwama halitibiwi na kapsuli yoyote. Wakati huohuo, mtoto wa jirani aliyeuziwa mayai hayo ameinywa dawa asiyoihitaji, na vijidudu vimejifunza kuishi nayo. Anayeuza mayai ya kuku aliye katika dawa bila ya kusema, ameficha aibu ya bidhaa, na sokoni sote tunajua hilo huitwaje.

Mtetea aliyepona apumzishwe. Mweke penye kiza kwa siku 3 au 4, umpe mwanga saa chache tu za mchana, ili mwili uache kutengeneza yai jipya kwa haraka. Kwetu karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na asipofichwa mwili wake hauoni sababu ya kusita. Mpe chakula cha kuku wa mayai, mchicha uliokatwakatwa, na sahani ya makombe. Kiota chake kiwe kikavu, kimeinuka kidogo kutoka ardhini, na kuku 4 au 5 wasizidi kwa kiota kimoja, kwani mtetea anayefukuzwa kiotani hulizuia yai. Mrudishe kwa wenziwe usiku, wote wakiwa juu ya vijiti vyao, ili alfajiri wamkute hapo kama ambaye hakuondoka. Yai lake la kwanza baada ya hapo liangalie dhidi ya mwanga wa taa kabla ya kulivunja: ganda likiwa na madoa mengi yanayopenya nuru au mikunjo, ongeza makombe na umwangalie wiki nyingine moja.